UZI: Niliuziwa miche ya michikichi nikaambiwa Tenera, baada ya miaka minne nikakuta ganda nene. Kumbe jani lilikuwa linajua tangu kitaluni

Simbo_Kwetu (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye bando dogo asiwe na wasiwasi, hakuna picha ni maneno tu.

Mwaka 2019, ile hamasa ya michikichi ikiwa bado ya moto hapa Kigoma, nilijichanga nikanunua miche 50 kujaza ekari moja ya baba kule Simbo. Jamaa aliyeniuzia alikuwa na kitalu chake kando ya barabara, miche imenawiri, majani ya kijani kabisa, akaniambia hii ni Tenera tupu, ile ya ganda jembamba na mafuta mengi. Mimi nimesoma baiolojia mpaka chuo lakini mche wa Tenera na wa Dura (ile ya zamani ya ganda nene) ukiwa kitaluni hauna tofauti ya kuona kwa macho, kwa hiyo nikaamini. Nikapanda, nikapalilia, nikaweka samadi, miaka minne.

Mikungu ya kwanza ya maana ilipoiva mama ndo alikuwa wa kwanza kusema. Alichemsha ngazi (matunda ya michikichi) kwenye pipa kama kawaida, akakamua, akakaa kimya, alafu akaniambia mwanangu hizi mbona ni zile zile za babu yako. Nikachukua tunda nikalipasua. Nyama nyembamba, kokwa kubwa, ganda nene la kuvunjia kwa jiwe. Nikapita mti kwa mti. Kati ya miti 50 iliyokuwa na ganda jembamba ni 11 tu. Mingine mitano inatoa mikungu inayooza kabla haijakomaa, hiyo nayo nitaieleza sababu yake hapo chini. Iliyobaki yote Dura.

Nimeumia sana, sifichi. Siyo hela ya miche tu, miaka minne ya ardhi na nguvu za mzee wangu hairudi. Nikaanza kusoma kutaka kujua kama kulikuwa na namna ya kugundua mapema, na nilichokipata ndo kimenifanya niandike usiku huu wote.

Iko hivi. Mchikichi una jeni moja inayoamua unene wa ganda, na kila mti una nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Nakala zote mbili zikiwa nzima unapata Dura, ganda nene. Zote mbili zikiwa na hitilafu unapata Pisifera, haina ganda kabisa, ila huwa mikungu yake inaharibika na kuoza kabla ya kuiva (ndo ile mitano yangu). Ukipata moja nzima na moja yenye hitilafu ndo Tenera, ganda jembamba, nyama nyingi, na mafuta yanazidi ya Dura kwa kama asilimia 30. Siri ya urithi huu iligunduliwa na watafiti wa Kibelgiji wawili pale Yangambi, Congo, wakaichapisha mwaka 1941. Congo, jamani. Hapo ng'ambo ya ziwa tunapopaona milima yake jioni.

Ila walijua kwa kuzalisha miti na kuhesabu matunda, jeni yenyewe hawakuiona. Ilichukua zaidi ya miaka 70. Mwaka 2013 Wamalaysia wakatoa jenomu nzima ya mchikichi, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, herufi kama bilioni 1.8, jeni karibu elfu 35, na pamoja nayo wakaonyesha ile jeni ya ganda ipo wapi na hitilafu zake mbili, kila moja ni ya herufi moja tu. Jenomu ndefu kiasi hicho na kinachobadilisha maisha ya mkulima ni herufi moja! Baada ya hapo kikatengenezwa kipimo, unakata kipande kidogo cha jani la mche ungali kitaluni, unapeleka maabara, unaambiwa huu Dura, huu Tenera, huu Pisifera. Kabla hujachimba hata shimo.

Mche wangu ulikuwa na jibu ndani ya jani siku ile ile nilipotoa hela pale barabarani. Hilo ndo linaniuma na ndo linanipa moyo, vyote kwa pamoja.

---

Mama_Mawese_Mwandiga

Pole sana kaka, tena sana. Mimi nina swali la haraka. Shangazi yangu ana Tenera za kweli alizopewa, zinazaa vizuri mno. Tumekuwa tunaokota mbegu chini ya ile miti tunaotesha wenyewe, nina miche kama mia hapa nyumbani. Hiyo vipi, si ni watoto wa Tenera?

---

Simbo_Kwetu

Dada yangu hapo ndo penye mtego na naamini yule jamaa aliyeniuzia alifanya hivyo hivyo, labda hata yeye hakujua.

Tenera ni chotara. Kila mbegu inachukua nakala moja tu ya ile jeni kutoka kwa mama, inaweza kuwa nzima inaweza kuwa yenye hitilafu, nusu kwa nusu. Alafu chavua inatoka wapi? Kama imetoka kwenye Tenera nyingine basi kwenye miche yako 100 tegemea Dura kama 25, Tenera kama 50, Pisifera kama 25. Kama imetoka kwa Dura, nusu Dura nusu Tenera. Na hapa kwetu angalia pande zote, michikichi iliyozagaa mabondeni na kwenye viwanja vya watu ni Dura ya tangu enzi za mababu, na wadudu wanaobeba chavua hawaulizi mpaka wa shamba. Kwa hiyo hata bahati ikiwa nzuri nusu ya miche yako siyo unayoitaka.

Tenera ya uhakika inatoka kwa kuchavusha Dura na Pisifera kwa mkono, ua linafunikwa mfuko ili chavua ya nje isiingie. Baba Pisifera mama Dura, watoto wote Tenera, hakuna kubahatisha. Hiyo kazi ndo wanafanya TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Kigoma. Kwa hiyo chukua mbegu au miche kwao au kwa mtu mwenye karatasi zao, ile mia usiipande yote shambani, nakuomba.

---

Mzee_wa_Ujiji

Vijana hongereni kwa kusoma. Sisi tulipokuwa wadogo hakuna aliyekuwa na maabara na bado wazee walikuwa wanajua mti mzuri. Unakata tunda kwa kisu, kwa upana, siyo kwa urefu. Ukiona vinyuzi vyeusi vimezunguka kokwa kama pete, huo mti unaukuza, haukatwi hata ukiwa katikati ya njia. Usipoona pete ni wa kawaida. Baba yangu alinionyesha hilo miaka ya sitini.

---

Simbo_Kwetu

Shikamoo mzee wangu. Umenisisimua kweli kweli, maana hiyo pete ya nyuzi ndiyo hiyo hiyo wanayoitumia watafiti mpaka leo wakitaka kutambua Tenera shambani. Dura haina hiyo pete. Wazee walikuwa wanaisoma jeni kwa kisu.

Tatizo lililobaki ni lile la muda tu mzee, kisu kinahitaji tunda, na tunda linahitaji miaka mitatu minne. Jani lipo tangu mwezi wa kwanza.

---

Urambo_Msituni

Mleta uzi mimi niko Tabora huku, michikichi hatuna, sisi ni tumbaku, asali na misitu ya miombo inayoisha. Niliona mahali eti Wizara ya Nishati ya Marekani ina taasisi nzima inasoma vinasaba vya uyoga, miti na vijidudu. Nikashangaa. Nishati na uyoga wapi na wapi? Naomba ufafanuzi kama unajua.

---

Simbo_Kwetu

Swali zuri, na ni kweli ipo, iko California inaitwa Joint Genome Institute, ilianzishwa 1997. Ile wizara iliingia kwenye vinasaba kwa sababu ya mabomu ya atomiki, walitaka kujua mionzi inaharibuje jeni za binadamu. Kwa hiyo walishiriki kusoma jenomu ya binadamu, hiyo taasisi ikapewa kromosomu (mafungu ya jeni) ya 5, ya 16 na ya 19. Walipomaliza wakageukia mimea, fangasi na bakteria.

Sasa uyoga unaingiaje. Mti ni jua lililohifadhiwa, umejaa sukari, ila sukari hiyo imefungwa kwenye selulosi, alafu selulosi imezungushiwa lignini ambayo ni ngumu mno. Wewe ukitaka nishati yake unaichoma, basi, ndo kuni na mkaa, na moto mwingi unapotea hewani. Fangasi wanaifungua bila moto, kwa vimeng'enya, yaani protini wanazotoa za kuvunjia chakula. Ukijua jeni za hivyo vimeng'enya unaweza kugeuza mabua, pumba na matawi kuwa sukari, na sukari kuwa ethanoli ya kuendeshea mashine.

Kuna fangasi mmoja historia yake naipenda sana. Vita vya pili vya dunia, wanajeshi wa Marekani wako Visiwa vya Solomon, mahema na nguo za pamba zinaoza hovyo. Wakachunguza wakakuta fangasi anazila. Badala ya kumuua tu na kusahau wakamtunza, na leo huyo ndo baba wa viwanda vingi vya vimeng'enya duniani, jina lake Trichoderma reesei. Jenomu yake ilitoka 2008 na watu walishangaa, walidhani atakuwa na jeni nyingi sana za kuvunja selulosi, kumbe anazo chache kuliko fangasi wenzake wengi, ila hizo chache anazifanyia kazi kwa nguvu ya ajabu.

Na yule mweupe anayeonekana kwenye magogo yaliyooza yakawa kama sponji jeupe, ndugu zake ndo wanaoweza kuvunja lignini yenyewe. Wa kwanza katika kundi hilo alisomwa 2004. Mti wa kwanza kabisa kusomwa jenomu ni mpopla, mti wa nchi za baridi, 2006, kwa sababu unakua haraka. Mtama wetu huu wa ugali ulisomwa 2009, nao unaingia kwenye mambo ya nishati kwa ajili ya mabua yake.

---

Urambo_Msituni

Aisee. Sasa uyoga wa kichuguu na ule wa msituni mvua zikianza, huku ni chakula na ni hela, kina mama wanauza barabarani kwenye ndoo. Kwa nini haulimwi kama ule mweupe wa mifukoni? Tumejaribu, mtaalamu alikuja akatufundisha kuotesha wa kwenye mabua tu, ule mtamu wenyewe akasema haiwezekani.

---

Simbo_Kwetu

Alisema kweli, na sababu zake ni mbili tofauti.

Uyoga wa kichuguu ni mazao ya mchwa, mchwa ndo mkulima. Wanakula majani makavu na miti, wanatoa kinyesi, wanajenga bustani ndani ya kichuguu, fangasi anaota hapo, wao wanamla. Ule uyoga unaochomoza nje ni maua tu ya shamba lao. Mwaka 2014 watafiti walisoma vyote vitatu kwa pamoja, jenomu ya mchwa, ya fangasi wake na ya bakteria wa tumboni mwa mchwa, wakaona kazi zimegawanywa, fangasi anavunja vile vigumu na bakteria wa tumboni wanamalizia vinavyobaki. Sisi kuchukua mmoja tukamtenga na wenzake ndo tunakwama. Kila kichuguu unachokiona huko Urambo ni kiwanda cha kuvunja miti bila moto, na kimeanza kazi mamilioni ya miaka kabla ya binadamu.

Uyoga wa msituni ni habari nyingine. Ule unaishi kwenye mizizi ya miti hai, mtundu, muba, miyombo. Mti unaupa sukari, wenyewe unauletea mti maji na madini. Mwaka 2015 walilinganisha jenomu nyingi za fangasi wa mizizi na za wale wanaooza magogo, wakakuta hawa wa mizizi wametokana na waozaji ila njiani wamepoteza jeni nyingi za kuvunja mti. Hawana tena meno. Ukikata mtundu kwa ajili ya kukaushia tumbaku, uyoga wake hauwezi kuhamia kwenye kisiki ukaishi kwa kukila, unakufa kwa njaa chini ya udongo. Na ukiotesha miche ya miombo kwenye udongo usio na hao fangasi inadumaa, kwa hiyo kupanda upya msitu siyo kuotesha mbegu peke yake, chukua udongo wa chini ya mti mkubwa uchanganye kwenye kitalu.

---

Urambo_Msituni

Hiyo ya udongo naijaribu msimu huu. Hakuna aliyewahi kuniambia, na nimeotesha mitundu mara mbili imekufa.

---

Kibirizi_Mwaloni

Mkuu mimi mvuvi, nimesoma uzi wote mpaka hapa. Ziwa letu nalo limesomwa? Maana dagaa wanapungua, migebuka ndo usiseme, mwaka 2024 tumefungiwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei. Wengine wanasema ni nyavu, wengine joto.

---

Simbo_Kwetu

Kaka limesomwa, na watu wengi hapa mjini hawajui. Walichota maji ya Tanganyika kuanzia juu mpaka mita 1,200 kwenda chini, wakasoma vinasaba vyote vilivyomo kwa mkupuo bila kuotesha kijidudu hata kimoja. Yaani ni kama umechanachana madaftari ya darasa la wanafunzi 60 ukayachanganya kwenye gunia moja, alafu unaanza kuunga vipande kwa kufuata maneno yanayopishana mpaka kila daftari limerudi. Kompyuta ndo inafanya hiyo kazi. Wakapata jenomu 523 za bakteria na ndugu zao, makundi makuu 34, mengi ni nadra kuonekana kwenye maziwa. Matokeo yalitoka 2021.

Kwa nini inakuhusu wewe na taa zako. Ziwa lina kina cha mita 1,470 na oksijeni iko huku juu tu, chini ya mita 100 au 200 hivi hakuna, samaki hawezi kuishi. Ndo maji baridi (yaani yasiyo ya chumvi) yasiyo na oksijeni mengi kuliko yote juu ya uso wa dunia. Kila kinachokufa juu kinazama huko, na hao vijidudu wa gizani ndo wanakivunja na kuchakata naitrojeni na salfa yake. Hiyo ndo mbolea ya ziwa. Upepo wa kiangazi kutoka kusini ukivuma kuanzia Mei unasukuma maji ya juu kuja huku kaskazini, kule upande wa Zambia maji ya chini yanapanda na mbolea yake, mimea midogo inashamiri, dagaa anakula, mgebuka anamla dagaa.

Sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama mafuta, upepo unashindwa kuyachanganya. Kuna utafiti wa 2003 ulikadiria uzalishaji wa ile mimea midogo umeshuka kama asilimia 20, na samaki wakakisiwa kupungua kama asilimia 30. Kwa hiyo nyavu zipo na joto lipo, siyo kimoja. Kufunga ziwa kunampa dagaa nafasi ya kuzaa, hakuwezi kupandisha mbolea kutoka chini.

---

Mama_Mawese_Mwandiga

Mimi kinachonikera, mchikichi wa Congo unasomwa Malaysia, ziwa letu linaishia kwenye kompyuta za ulaya na Marekani. Sisi tunabaki kuuziwa. Hamuoni kama tunaibiwa?

---

Simbo_Kwetu

Dada hoja yako ina uzito na siipuuzi. Hata kimataifa wamelibishania miaka, mwaka 2024 kule Cali, Colombia, nchi zilikubaliana kuwe na mfuko ambao kampuni zinazopata faida kutokana na data za vinasaba zichangie. Tuifuatilie kama hela itafika vijijini.

Ila kuna upande mwingine. Data hizi nyingi zimewekwa wazi, hulipi. Jenomu ya muhogo, ya mtama, ya fangasi zaidi ya elfu, mwanafunzi mwenye laptopu hapa Kigoma anaweza kuzishusha leo. Hata ile taasisi ya California inasoma sampuli za watafiti wa nchi mbalimbali bure wakishinda kwa andiko. Na kusoma kwenyewe kumekuwa rahisi mno, siku hizi kuna kimashine kinaingia mfukoni unachomeka kwenye laptopu. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Mikocheni, Dar, pamoja na wenzao wa Uganda na Kenya walishakitumia kwenye mihogo ya wakulima, ndani ya saa 48 mkulima anajua ana kirusi gani na apande mbegu ipi.

Kwa hiyo ombi langu kwa yeyote humu anayekaa vikao vya halmashauri au ushirika, tusiombe jenomu mpya, ile ya mchikichi ipo tangu 2013. Tuombe kipimo cha jani kiwe hapa hapa mkoani, na kila mwenye kitalu cha kuuza achukuliwe majani kadhaa yapimwe kabla hajapewa kibali. Ni herufi chache tu zinatafutwa.

---

Mama_Mawese_Mwandiga

Naunga mkono, nitalipeleka kwenye kikundi chetu Jumapili. Na ile miche yangu mia?

---

Mzee_wa_Ujiji

Binti usiitupe. Panda pembeni ya shamba, karibukaribu, ikizaa njoo nikuonyeshe kukata kwa kisu, mibaya tutaing'oa.

---

Mama_Mawese_Mwandiga

Asante baba, shikamoo. Sasa hivi nimetoka uani, kuna mchikichi mmoja nyuma ya jiko wa tangu tunahamia hapa, hatujawahi kuujali. Nimekata tunda kwa upana kama ulivyosema. Kuna pete.

---

Mzee_wa_Ujiji

Marahaba. Kata la pili, la mkungu mwingine, uangalie tena kesho mchana kwenye mwanga.